Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947)

Sisi wa Masisi na Walikale, tukitajiwa Waarabu wa pwani, humkumbuka Tippu Tip na misafara yake ya pembe. Sheikh Al-Amin alikuwa wa namna nyingine. Alizaliwa Mombasa, katika ukoo uliotawala mji huo hadi Sayyid Said alipoung'oa mwaka 1837. Yeye alikulia chini ya Waingereza, Waarabu wakiwa wamebaki na majina makubwa bila dola. Aliwasoma Muhammad Abduh na Rashid Rida, wanamageuzi wa Misri, akaona lawama zisiishie kwa mkoloni. Mwaka 1930 akaanzisha gazeti la Sahifa, na 1932 Al-Islah, yaani matengenezo. Humo aliwakemea ndugu zake waliowaiga Wazungu ovyo na kuwanyima wasichana elimu. Na hili latuhusu sisi wa kitivo cha lugha: hoja hizo, ambazo wanazuoni wangeweza kujifungia nazo katika Kiarabu, alizishusha kwa Kiswahili ili hata mwenye duka azisome na kubisha. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichopewa na serikali ileile ya kikoloni, tusilifumbie macho. Alifariki akimwacha mwanawe Ali, kijana wa miaka 14, aliyekuja kuwa profesa wa siasa Makerere.