Lewis Terman

Lewis Madison Terman (15 Januari 1877 – 21 Desemba 1956) alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani na profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, California. Anajulikana hasa kwa kipimo cha akili kiitwacho Stanford-Binet na kwa utafiti wa muda mrefu juu ya watoto wenye vipawa, alioanzisha mwaka 1921. Katika masomo ya saikolojia utafiti huo hutajwa pia kama mfano wa namna uteuzi wa washiriki unavyoathiri matokeo.

Maisha ya awali

Terman alizaliwa katika kaunti ya Johnson, jimbo la Indiana, akiwa mtoto wa 12 kati ya watoto 14 wa familia ya wakulima. Alianza kufundisha shule akiwa bado kijana, akasoma chuo cha ualimu mjini Danville, kisha Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 1899 alimwoa Anna Belle Minton, wakapata watoto wawili, Frederick na Helen.

Mwaka 1905 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Clark, Massachusetts. Kwa tasnifu yake alilinganisha wavulana 7 walioonekana kuwa na akili nyingi na wengine 7 walioonekana kuwa wazito wa kuelewa. Kwa kuwa aliugua kifua kikuu, alihamia California kwa ajili ya hali ya hewa. Huko alikuwa mkuu wa shule mjini San Bernardino, akafundisha chuo cha ualimu cha Los Angeles, na mwaka 1910 akaajiriwa Stanford.

Kipimo cha Stanford-Binet

Mwaka 1905 Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walitunga maswali ya kutambua watoto waliohitaji msaada maalumu shuleni. Terman aliyarekebisha na kuyaongeza, akatoa toleo lake mwaka 1916. Toleo hilo lilieneza alama za akili zijulikanazo kama IQ, ambapo mtoto wa kawaida kwa umri wake hupata 100.

Ili kujua mtoto wa kawaida ni yupi, ilibidi kwanza wapimwe watoto wengi. Terman alichagua shule za maeneo yenye hali ya wastani ya maisha, akapima kila mtoto aliyekuwa karibu na siku yake ya kuzaliwa, awe darasa lolote. Hivyo mwalimu hakupata nafasi ya kuchagua nani apimwe. Hata hivyo, matokeo ya watoto waliozaliwa nje ya Marekani yaliondolewa katika hesabu. Katika toleo la mwaka 1937, alilolitunga pamoja na Maud Merrill, walipimwa watu 3,184 kutoka majimbo 11, lakini wote walikuwa Wazungu waliozaliwa Marekani. Hata hivyo kipimo kilitumika kwa watoto wa jamii zote.

Utafiti wa watoto wenye vipawa

Mwaka 1921 Terman alianza kutafuta watoto wenye alama za juu sana katika shule za California, hasa za miji mikubwa. Kwa kuwa kumpima kila mtoto peke yake kulihitaji muda na fedha nyingi, aliwaomba walimu wamtaje mwanafunzi mwenye akili zaidi darasani, anayemfuata, na aliye mdogo kwa umri kuliko wote. Waliotajwa walipewa mtihani wa pamoja, na waliofanya vizuri wakapimwa kwa Stanford-Binet. Wengine waliongezwa baadaye kwa njia tofauti, wakiwemo ndugu za waliokwisha kuchaguliwa. Jumla ikafikia washiriki 1,528, karibu wote wakiwa na alama 135 au zaidi. Watoto wawili wa Terman mwenyewe walikuwa miongoni mwao.

Matokeo yalipinga imani iliyoenea wakati huo kwamba mtoto mwenye akili nyingi huwa dhaifu wa mwili na mpweke. Washiriki wengi walikuwa na afya njema, na walipokua wengi walifika vyuo vikuu.

Ukosoaji

Udhaifu wa utafiti ulianzia mlangoni mwa darasa. Mtoto ambaye mwalimu hakumtaja, kwa sababu ya ukimya, umaskini au lugha ya nyumbani, mara nyingi hakufikia hatua ya kupimwa. Wengi wa waliochaguliwa walikuwa Wazungu wa familia zenye uwezo. Kwa hiyo ni vigumu kujua kama mafanikio yao yalitokana na akili au na hali ya nyumbani. Kundi la kulinganisha la watoto wa familia za aina hiyohiyo, au sampuli ya nasibu ambamo kila mtoto ana nafasi sawa ya kuchaguliwa kama kwa kura, lingesaidia kujibu swali hilo. Aidha, Terman aliwaandikia baadhi ya washiriki barua za kuwapendekeza vyuoni na kazini, hivyo akachangia mafanikio aliyokuwa akiyapima.

William Shockley na Luis Alvarez walipimwa utotoni lakini hawakufikia alama zilizotakiwa. Shockley alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1956, na Alvarez mwaka 1968. Hakuna mshiriki wa utafiti huo aliyepata tuzo hiyo.

Terman aliunga mkono pia eujenia, yaani fikra ya kuboresha vizazi kwa kuwazuia baadhi ya watu kuzaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1916 alidai kwamba Waindio, Wameksiko na Waafrika wa Marekani walikuwa na akili pungufu kwa asili, bila kuwa na sampuli ya kutosha ya jamii hizo. Madai hayo yamekataliwa.

Miaka ya mwisho

Terman alikuwa rais wa Shirika la Saikolojia la Marekani mwaka 1923. Aliendelea kuwafuatilia washiriki wake hadi alipofariki huko California. Kitabu cha tano cha utafiti, alichoandika pamoja na Melita Oden, kilitolewa mwaka 1959. Baadaye kazi iliongozwa na Robert Sears, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa watoto waliochaguliwa.