Tukaram, muuza nafaka wa Dehu

Katika fikra za Kihindu, sukha na dukha, yaani furaha na huzuni, hutajwa pamoja kama mapacha. Bhagavad Gita inamtaka mwenye hekima azipokee zote mbili kwa moyo uleule. Fundisho hilo liliandikwa kwa Kisanskriti, lugha ya wasomi, na si gumu kulikubali ukiwa umeshiba. Tukaram alikutana nalo akiwa katikati ya njaa.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 17 huko Dehu, kijiji kilicho kando ya mto Indrayani, karibu na Pune, magharibi mwa India. Ukoo wake ulihesabiwa kuwa wa Shudra, tabaka la chini, ingawa ulikuwa na duka la nafaka na uliwakopesha watu fedha. Wazazi wake walifariki yeye akiwa bado kijana. Ndipo ikaja njaa kuu ya miaka ya 1630 hadi 1632. Duka likafilisika. Mke wake wa kwanza akafa akililia chakula, mke wa muuza nafaka, na mtoto wao wa kiume akafa pia.

Akabaki na mke wa pili, Jijai, ambaye masimulizi humchora kama mwanamke mkali asiyeacha kulalamika. Naona anaonewa. Mumewe alishinda mlimani akimwimbia mungu Vitthal, na nyumbani watu walitaka kula. Yasemekana hata hati za madeni ya watu alizitupa mtoni.

Nyimbo zake, ziitwazo abhanga, zahesabiwa kuwa zaidi ya 4,000. Alizitunga kwa Kimarathi cha wakulima, na humo sukha na dukha ni maneno ya kila siku. Katika wimbo mmoja anamshukuru Mungu kwa kufilisika kwake na kwa njaa yenyewe. Anataja hasara moja baada ya nyingine, kama mfanyabiashara anayefunga hesabu, na kila moja anaiona heri. Wimbo huo unanisumbua. Mtu anaweza kuupokea msiba wake kwa utulivu, lakini njaa iliyomuua mwenzake inakuwaje heri yake? Hata hivyo, katika nyimbo nyingine analia, anagombana na Vitthal kwa kumnyamazia. Hakuikana huzuni. Ninavyomsoma, furaha aliyoitafuta ni hali ya kutodai tena chochote, na ndiyo maana aliweza kuorodhesha misiba yake bila kuipunguza.

Mbrahmani mmoja, Rameshwar Bhatt, alikasirishwa na Shudra anayefundisha mambo ya Mungu kwa lugha ya kijijini. Masimulizi yasema madaftari ya nyimbo yalitoswa mtoni, Tukaram akafunga siku 13 ukingoni, nayo yakaibuka mazima. Rameshwar baadaye akawa mfuasi wake. Tukaram alitoweka mnamo 1650; waumini wasema alipaa na mwili wake. Kila mwaka mahujaji hutembea kutoka Dehu hadi hekalu la Vitthal huko Pandharpur, zaidi ya kilomita 200, wakiimba nyimbo zake.