William John Little, kilema aliyewatetea watoto

Katika makusanyiko yetu ya Kpandroma tunaletewa mara nyingi mtoto wa kuombea: amepita mwaka hajakaa, shingo haijakaza, au miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi. Kabla ya kusema amina, watu wamekwisha kunong'ona kuhusu ulozi, au kosa la mama. Kwa sababu hiyo tunawaeleza maisha ya William John Little.

Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1810. Angali mtoto mdogo alipatwa na polio, na mguu wake wa kushoto ukapindika. Alikua akichechemea, akasomea udaktari akitafuta dawa ya kilema chake. Madaktari wengi wa kwao waliogopa kukata mshipa wa kisigino. Mwaka 1836 alisafiri mpaka Hannover, Ujerumani, ambako daktari Stromeyer alimpasua, na mguu ukanyooka. Little hakufurahia kupona peke yake. Alijifunza kazi ile, akarudi London mwaka 1837 kuwapasua wengine, kisha akasaidia kuanzisha hospitali ya vilema.

Huko aliona watoto ambao kisu hakikutosha kuwasaidia, kwa maana shida yao ilianzia kwenye ubongo. Aliwauliza mama zao habari za siku ya kuzaa, akaandika kwa uangalifu. Wengi walikuwa wamezaliwa kabla ya wakati, au kwa uchungu mrefu, au walikawia kulia na kupumua. Mwaka 1861 alieleza hayo mbele ya chama cha madaktari wa uzazi wa London. Wengi walikuwa na mashaka, lakini ugonjwa ule uliitwa kwa jina lake muda mrefu. Alifariki mwaka 1894.

Baadaye ilijulikana kwamba si kila mtoto wa namna hii aliumia siku ya kuzaliwa. Wengine huumia wakiwa bado tumboni, wengine baadaye kwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo au manjano kali ya siku za kwanza. Hata hivyo Little alifungua njia: alimsikiliza mama bila kumhukumu.

Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu (Yohana 9). Bwana aliwakatalia swali hilo. Basi sisi tusilirudishe kanisani.

Wababa, wapelekeni wake zenu kuzalia kwenye kituo cha afya. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya, au akichelewa kushika shingo na kukaa, msimfiche nyumbani. Mpelekeni kwa daktari mapema. Ubongo ulioumia haurudi kuwa kama mwanzo, lakini mazoezi ya viungo yanayoanza mapema humsaidia mtoto kukaa, kula, hata pengine kutembea. Nasi tuendelee kuomba, tukimbeba mtoto pamoja na mama yake.