Toru Takemitsu

Toru Takemitsu (kwa Kijapani: 武満 徹, 8 Oktoba 1930 – 20 Februari 1996) alikuwa mtunzi wa muziki kutoka nchini Japani. Anahesabiwa kati ya watunzi wakuu wa bara la Asia katika karne ya 20. Alikuwa miongoni mwa Wajapani wa kwanza kutunga muziki kwa kelele, matone ya maji na sauti za watu zilizorekodiwa kwenye kanda. Katika ujana wake alitunga pia muziki wa maonyesho ya jukwaani yaliyounganisha dansi, uchoraji na taa. Alitunga muziki wa filamu zaidi ya 90.

Maisha ya awali

Takemitsu alizaliwa katika mtaa wa Hongo mjini Tokyo. Akiwa na umri wa mwezi mmoja alipelekwa Dalian nchini China, mji uliotawaliwa wakati ule na Japani, ambako baba yake alifanya kazi. Mwaka 1938 alirudishwa Tokyo ili asome shule ya msingi. Mwaka huohuo baba yake alifariki. Aliishi kwa jamaa zake, ambako shangazi yake alifundisha koto, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mbele ya mpigaji kama kanuni ya taarabu.

Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alichukuliwa kufanya kazi katika kambi ya jeshi milimani, akiwa bado mwanafunzi. Muziki wa nchi za adui ulikuwa umepigwa marufuku. Hata hivyo ofisa mmoja aliwapigia vijana santuri ya mwimbaji wa Ufaransa, Lucienne Boyer. Takemitsu alieleza baadaye kwamba ndipo alipotamani kuwa mwanamuziki. Muziki wa jadi wa Japani, kinyume chake, ulimkumbusha vita, akaukwepa kwa miaka mingi.

Baada ya vita alifanya kazi katika kambi ya Wamarekani. Alipougua alisikiliza redio ya jeshi lao kitandani. Alianza kutunga akiwa na umri wa miaka 16. Kuanzia mwaka 1948 alifundishwa kwa muda mfupi na mtunzi Yasuji Kiyose, lakini mengi alijifunza mwenyewe. Kwa kuwa hakuwa na piano, alibisha hodi kwenye nyumba aliposikia ikipigwa, akaomba kuitumia kidogo. Kazi yake ya piano ya mwaka 1950 ilikosolewa vikali na mchambuzi mmoja, aliyeona haijafikia kuwa muziki.

Jikken Kobo

Mwaka 1951 Takemitsu na wenzake walianzisha kundi la Jikken Kobo, yaani Karakana ya Majaribio, chini ya malezi ya mshairi Shuzo Takiguchi. Wanachama hawakuwa wanamuziki tu: walikuwemo wachoraji, mshairi, fundi wa taa na mhandisi. Onyesho lao la kwanza, Novemba 1951 mjini Tokyo, lilikuwa baleti ya Ikiru Yorokobi (Furaha ya Kuishi), iliyoambatana na maonyesho ya picha za Pablo Picasso. Muziki wake ulitungwa na Takemitsu pamoja na Hiroyoshi Suzuki.

Mwaka 1953 kundi lilionyesha picha za slaidi zilizoendeshwa pamoja na sauti ya kanda, kwa kutumia mashine za kampuni iliyokuja kuitwa Sony. Kundi lilikoma mwishoni mwa miaka ya 1950.

Muziki wa kelele na kanda

Takemitsu alieleza kwamba mwaka 1948, akiwa ndani ya treni iliyojaa watu, alipata wazo la kuingiza kelele katika muziki. Mwaka huohuo, bila yeye kujua, Pierre Schaeffer alikuwa akifanya jambo hilo mjini Paris.

Njia yake ilikuwa kurekodi sauti, kisha kuikata kanda, kuiunganisha upya, au kubadili kasi yake. Katika Vocalism A.I (1956) waigizaji wawili wanatamka kwa namna nyingi neno moja tu, ai, yaani upendo. Mizu no Kyoku (Muziki wa Maji, 1960) imetengenezwa kwa sauti za maji. Baadhi ya matone yake yanasikika kama ngoma za tamthilia ya kale ya noh. Katika filamu ya Kwaidan (1964) alitumia sauti ya mbao zinazopasuka.

Kurudi kwenye ala za Kijapani

Alibadili mtazamo wake kuhusu muziki wa kwao baada ya kusikia shamisen ikipigwa katika tamthilia ya vikaragosi ya bunraku. Urafiki wake na John Cage wa Marekani ulimsaidia pia kuuthamini. Alivutiwa na sawari, mvumo wa makusudi katika ala ya biwa, ambayo inafanana na udi. Jambo hili si geni Afrika Mashariki: baadhi ya malimba hufungwa vipete vya chuma ili zivume. Kwa Takemitsu, sawari ilionyesha kwamba kelele haikuwa adui wa muziki, bali ilikuwemo ndani yake tangu zamani.

Mwaka 1967 okestra ya New York Philharmonic ilipiga November Steps, aliyoitunga kwa okestra, biwa na filimbi ya mwanzi iitwayo shakuhachi. Kazi hiyo ilimpatia sifa duniani. Katika maonyesho ya dunia ya Osaka ya mwaka 1970 aliongoza banda la chuma, ukumbi wenye vipaza sauti zaidi ya 1,000.

Kifo na urithi

Mwaka 1994 alipata Tuzo ya Grawemeyer kwa kazi yake Fantasma/Cantos. Alifariki mjini Tokyo akiwa na umri wa miaka 65, kwa nimonia iliyompata alipokuwa akitibiwa saratani. Ukumbi wa muziki wa Tokyo Opera City, uliofunguliwa mwaka 1997, una jina lake, pamoja na tuzo ya kila mwaka ya watunzi vijana. Yeye ambaye kazi yake ya awali ilikataliwa kuitwa muziki ndiye anayekumbukwa leo kila watunzi hao wanapokutana.