KABAKA MUTESA: MFALME ALIYEPIMA DINI ZOTE



Wewe uliyepokea karatasi hii hapa Iwawa, umejifunika blanketi lako kwa baridi hii ya Makete, ngoja kwanza kabla hujaikunja na kuitia mfukoni. Nakuuliza jambo moja tu. Wewe ni wa dini gani, na ulifikaje huko?

Wengine watajibu upesi: mimi Mlutheri, babu yangu alibatizwa na Wajerumani waliokuja Ukinga miaka ile ya 1890. Mwingine ni Mroma kwa sababu ameolewa na Mroma. Mwingine ni Mwislamu, mwingine ni Mpentekoste tangu mkutano wa juzi. Na wako wengi ambao wamekaa katikati. Wanasikiliza huku, wanasikiliza kule, wanalinganisha. Wanasema huyu naye ana maneno mazuri, yule naye ana hoja. Na jioni wakirudi nyumbani, mtoto akiugua, wanapita njia ya nyuma kwa mganga. Usinikasirikie, wewe mwenyewe unajua.

Sasa nataka nikusimulie habari za mtu mkubwa aliyefanya hivyo hivyo, tena kwa miaka karibu ishirini. Alikuwa mfalme. Dini zilimfuata mpaka barazani kwake, moja baada ya nyingine, naye akazipima zote. Jina lake ni Mutesa, Kabaka wa Buganda.

Mutesa alikalia kiti cha ufalme mwaka 1856, akiwa kijana bado. Baba yake, Suna, alikuwa mtu wa kutisha. Wakati wa Suna ndipo Waarabu wa kwanza walipofika Buganda wakitokea pwani, kwa njia ya Tabora, mwaka 1844. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, alimwona Suna akiamuru watu wauawe. Akasimama mbele ya baraza lote akamwambia Kabaka kwamba watu hao wameumbwa na Mungu, tena yeye mwenyewe na ufalme wake ametoka kwa Mungu huyo huyo. Hebu fikiri! Mgeni, mfanya biashara, mbele ya mfalme ambaye neno lake moja linamaliza uhai wa mtu. Suna hakumwua. Alitaka kujua huyo Mungu ni nani. Kwa hiyo habari ya Mungu mmoja iliingia nyumba ile kabla Mutesa hajatawala.

Mutesa naye alianza vibaya. Wazungu Speke na Grant walipofika kwake mwaka 1862, Speke alimkuta kijana anayependa bunduki kuliko kitu chochote, na uhai wa mtu kwake ulikuwa kitu cha kuchezea. Lakini alikuwa na akili kali, tena akili ya kuuliza. Ukileta jambo jipya kwake, atakuuliza mpaka uchoke.

Mnamo mwaka 1867 akaishika dini ya Kiislamu. Si kwa mchezo. Alifunga Ramadhani miaka kumi mfululizo, akajifunza Kiswahili na maandishi ya Kiarabu, akavaa kanzu, akajenga msikiti, akaamuru machifu wake nao wasali na kufunga. Aliyekaidi alikiona cha moto. Ukiangalia kwa nje ungesema huyu sasa ni mwamini kamili.

Lakini kulikuwa na jambo moja. Hakutahiriwa. Mila ya Buganda ilikataza damu ya Kabaka isimwagwe, naye mila hiyo hakuivunja. Akawa Mwislamu mpaka kwenye mpaka wa ufalme wake, hapo akasimama. Na vijana wa ikulu waliofundishwa dini kwa amri yake mwenyewe wakaamini kuliko yeye. Walimu waliotoka upande wa Misri na Sudani walipokuja wakasema asiyetahiriwa asiongoze sala, na kibla cha msikiti kimekosewa, vijana wakasikia. Wakaanza kukataa kusali nyuma ya Kabaka na kukataa nyama iliyochinjwa na watu wake. Mwaka 1876 Mutesa akakasirika, akawakamata. Makumi ya vijana wale waliuawa, wengi wao kule Namugongo. Likumbuke jina hilo, Namugongo. Tutalirudia.

Mimi si Mwislamu na karatasi hii si ya Kiislamu. Lakini kweli ni kweli: vijana wale walikufa kwa sababu walilichukua kwa moyo wote jambo ambalo mfalme wao alilichukua nusu.

Mwaka mmoja nyuma, Aprili 1875, alikuwa amefika Stanley. Mutesa akamwuliza habari za dini ya Wazungu. Stanley hakuwa mhubiri, alikuwa mwandishi wa gazeti na mtu wa safari, tena mtu wa kujisifu, kwa hiyo maneno yake tuyapime kidogo. Anaeleza kwamba Kabaka alivutwa sana, akaamua kuitunza Jumapili pamoja na Ijumaa. Umesikia hiyo? Siku mbili! Hakutaka kukosa upande wowote. Anaeleza tena kwamba baadaye Kabaka aliwakusanya machifu wake, wakaweka mezani kitabu cha Waarabu na kitabu cha Wazungu, wakashauriana kipi ni bora, machifu wakachagua cha Wazungu. Stanley alimwachia kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyesoma shule ya misheni ya Unguja, awe akimsomea Biblia. Basi Kiswahili chetu hiki kilikuwa mlango wa Injili katika ikulu ya Buganda.

Stanley akaandika barua Uingereza kuomba walimu. Ilipochapishwa gazetini, Novemba 1875, mtu asiyetaja jina lake akatoa pauni 5,000 ndani ya siku chache. Shirika la CMS likatuma watu. Wa kwanza walifika kwa Mutesa Juni 1877. Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Uskochi, alifika Novemba 1878 baada ya kukaa huku kwetu akipasua barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Huyu alikuwa mtu wa mikono. Alifua chuma, alichapa herufi, akafundisha vijana kusoma.

Sasa hapa ndipo penye uchungu, mpendwa. Februari 1879 akaja Padre Lourdel wa Mapadre Weupe, Mfaransa, ambaye Waganda walimwita Mapera. Naye alikuwa mtu wa imani kweli. Juni ya mwaka huo, siku ya Jumapili, Mackay alikuwa akiongoza ibada barazani. Watu wakapiga magoti. Mapadre wakakaa tu. Kabaka akataka kujua kwa nini. Lourdel akaeleza, kwa Kiswahili, Kiarabu, Kifaransa na Kiganda vyote vimechanganyika, kwamba hao Waprotestanti hawana kweli, na ukweli uko katika Kanisa moja tu. Mackay naye akajibu. Wakabishana mbele ya mfalme na machifu wote, na Waarabu wamekaa pembeni wanasikia.

Mutesa akachanganyikiwa, na mimi simlaumu. Aliuliza kama kila taifa la Wazungu lina dini yake, na yeye atajuaje iliyo ya kweli. Jamaa alikuwa ametupa Uislamu nusu ili apate hiki, kumbe hiki nacho ni viwili! Wahubiri wenzangu mnaosoma hapa, tujiulize. Mara ngapi tumesimama jukwaani na spika zimewashwa, badala ya kumhubiri Kristo tukahubiri makosa ya kanisa la jirani? Wako akina Mutesa wamesimama nyuma kabisa ya mkutano, wanasikia, wanatikisa kichwa, wanaondoka.

Lakini nisimsafishe sana Kabaka. Alikuwa na hesabu zake. Upande wa kaskazini Misri ilikuwa inasogea, na Gordon alikuwa na askari huko. Mutesa alitaka bunduki na marafiki wenye nguvu. Waarabu wakilegea anawasogeza Waingereza, Waingereza wakijivuna anawapa nafasi Wafaransa. Hata wajumbe alituma mpaka London, wakaonana na Malkia Victoria mwaka 1880. Barazani aliwaweka wote, akawa anawasikiliza wakibishana huku yeye akipima ni nani atamfaa zaidi. Nadhani mambo yote mawili yalikuwa kweli ndani yake: alimtafuta Mungu, na alitafuta faida. Yalikaa nyumba moja yasielewane.

Akaomba ubatizo. Si mara moja. Lakini sharti likawa lile lile: ana makumi ya wake, na ndoa hizo ndizo zilizomfunga na koo za nchi. Akiwaacha, ufalme unatikisika. Kutahiriwa kulimkwamisha kwa Waislamu, wake wakamkwamisha kwa Wakristo.

Kisha akaugua. Ugonjwa ulimshika miaka kadhaa bila kumwachia. Dawa za Wazungu zikajaribiwa, hazikumponya. Desemba 1879 wakubwa wa nchi, na mama yake mzazi akiwa mbele yao, wakataka aletwe Mukasa, mzimu wa ziwa, aje kupitia kwa mtu wake ampunguzie maumivu. Mackay alipinga kwa nguvu zote. Mutesa akayumba, akawaita machifu, wakashauriana. Mwisho wake ikatoka amri: dini ya Waarabu basi, dini ya Wazungu basi, turudi kwenye dini ya baba zetu. Baada ya miaka kumi na miwili ya kupima, alirudi alipoanzia! Na mzimu wa ziwa nao haukumponya.

Amri yenyewe haikudumu. Kabaka akawaacha walimu waendelee. Na hapa tazama kazi ya Mungu. Wakati mfalme anapima, vijana wake waliokuwa wakimhudumia mezani na mlangoni walikuwa wanasoma. Waliitwa wasomaji. Mwaka 1880 wa kwanza wakabatizwa kwa Mapadre, mwaka 1882 wa kwanza kwa CMS. Maneno yaliyoletwa kwa Kabaka yakampita, yakaota kwa watumishi wake.

Biblia inatuonyesha watu wa namna yake. Yuko Feliki, liwali aliyetetemeka kwa mahubiri ya Paulo akaahirisha mpaka apate nafasi. Yuko Agripa, aliyekaribia mlangoni asiingie. Wote walikuwa wakubwa, wote walielewa vizuri walichoambiwa.

Oktoba 1884 Mutesa akafa kwenye ikulu yake ya Nabulagala. Alikuwa hajabatizwa na Waprotestanti, hajabatizwa na Wakatoliki, hajatahiriwa na Waislamu, na mizimu ya baba zake nayo alikuwa ameidharau na kuirudia mara nyingi. Jambo moja lilionekana kubadilika: alizikwa Kasubi mwili wake mzima. Mila ya Makabaka ilikuwa mfalme akifa taya lake linatolewa na kuhifadhiwa mahali pake. Yeye alikuwa wa kwanza kuzikwa na taya lake. Kidogo hicho alikuwa amekipokea.

Na waliobaki? Mwanawe Mwanga alirithi ufalme akiwa kijana, na barazani akakuta vikundi vile vile baba alivyoviacha bila kuamua. Kati ya 1885 na 1887 aliwaua wasomaji, Wakatoliki na Waprotestanti. Tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto, na mahali penyewe ni Namugongo. Pale pale walipokufa vijana wa Kiislamu miaka kumi nyuma. Waliobishana barazani mbele ya Mutesa walichanganya majivu ya wanafunzi wao, Mlatini na Mwingereza pamoja.

Ungedhani hapo wangepatana. La! Mwaka 1888 wakaungana na Waislamu kumfukuza Mwanga, kisha Waislamu wakawafukuza Wakristo, kisha Wakristo wakarudi kwa vita, na Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana kwa bunduki kilimani Mengo. Vikundi havikuitwa hata kwa jina la Kristo. Vilikuwa Wafransa na Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda, ndugu wa tumbo moja wengine.

Mwanga alishindwa na Waingereza, akapelekwa visiwa vya Shelisheli mwaka 1899. Huko, hana ikulu, hana machifu wa kumshauri, hana askari wala bunduki za kuombea urafiki, yule aliyewaua Wakristo akabatizwa, akaitwa Danieri. Alikufa huko mwaka 1903. Mwaka 1910 mwili wake ukarudishwa Buganda, ukazikwa Kasubi, ndani ya nyumba ile ile kubwa ya nyasi alimolala baba yake.