Duncan Edwards: Chali wa Man U Aliyefuzu Nusu Fainali Lakini Hakuicheza

Msee, unajiita shabiki wa Man U na humjui Duncan Edwards? Tulia kiasi.

Alizaliwa Dudley, Uingereza, 1936. Akiwa na miaka 16 tayari alikuwa anachezea timu kubwa; 18, timu ya taifa.

Februari 5, 1958, robo fainali ya Kombe la Ulaya, walitoka 3-3 na Red Star kule Belgrade. Jumla 5-4, nusu fainali ndio hiyo. Kesho yake ndege yao ikaanguka Munich ikijaribu kupaa. Watu 23 walikufa. Edwards alipigania maisha hospitalini siku 15, akaenda akiwa na miaka 21 tu.

Milan wakawatoa Man U. Kombe lilikuja 1968.

So timu yako ikitolewa na uone kama maisha imeisha, mkumbuke huyu chali.