Allidina Visram: Kijana wa Bagamoyo Aliyeifuata Reli

Ndugu zetu vijana wa Kitengela na Kajiado, kila tukikaa baada ya futari suali ni lile lile: mtaji utatoka wapi? Basi tumtazame mtu ambaye maduka yake yalikuwa yakiifuata reli ile ipitayo Athi River, hapa hapa jirani.

Allidina Visram, Khoja wa Kiismailia, alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851. Alivuka bahari akiwa bado mtoto, akafika pwani yetu hana mali. Wala hakukimbilia kufungua duka. Aliajiriwa Bagamoyo na tajiri Sewa Haji Paroo, aliyekuwa akiandaa misafara ya bara. Kazi ile ilidai mtu ajue kitambaa gani kinapendwa wapi, na shanga za rangi gani zitakataliwa zirudi na hasara. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake.

Baadaye akaanza misafara yake mwenyewe, akaweka matawi mpaka Tabora na Ujiji. (Wapagazi waliobeba mizigo hiyo vichwani, miezi kwa miezi, majina yao hatuyasomi. Utajiri ule usingepatikana bila wao.)

Kisha ikaja reli. Ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Mtu wa misafara angeweza kufilisika hapo! Yeye aliifuata, akafungua maduka njiani, na Kampala akatangulia kufika kabla ya reli kumaliza safari yake. Maduka hayo hayakuuza tu. Mahali ambapo sarafu ilikuwa adimu, mkulima alileta ufuta au ngozi akaondoka na kitambaa na chumvi. Baadaye akaingia kwenye viwanda vya kuchambua pamba Uganda, na vya mafuta na sabuni.

Lakini kwa maoni yetu jambo kubwa ni mali kauli. Vijana wengi waliofika kutoka India walifanya kazi kwake, wakajifunza, kisha wakachukua bidhaa kwa mkopo wakafungue vijiduka vyao ndani ndani huko. Wakiuza wanalipa, wakilipa wanachukua tena. Hakuna aliyekuwa na hati ya shamba ya kuweka rehani. Siku hizi kwetu mtu akipewa mali kauli siku ya kwanza simu inapokelewa, wiki ya pili imezimwa. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyo ndani ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni!

Allidina alifariki mwaka 1916. Himaya yote hiyo ilikuwa imeshikwa na mkono wake mmoja, na madeni ya watu yalikuwa yametapakaa nchi kadhaa. Mwanawe Abdulrasul alijitahidi, akajenga Mombasa shule yenye jina la baba yake, ambayo mpaka leo inasomesha. Naye akafariki mwaka 1923, na kampuni haikudumu sana baada yake.